Njia ya Kuzunguka Mlima: Mafundisho ya Kipoyi Kwetu Muheto



Kwetu mtu akikuuliza njia, humjibu kwa kilometa. Unamuuliza kwanza: "Uko na muzigo ao uko mikono mitupu? Uko na mutoto? Uko na mugonjwa?" Akiisha kukujibu, ndipo unamwonyesha pa kupita. Maana katika milima ya Masisi njia ya kufika mahali si moja, na njia iliyo nzuri kwa mwenye nguvu inaweza kuwa kaburi kwa mwingine. Jambo hilo niliambiwa mara nyingi na babu yangu nikiwa mtoto, nikalisikia kwa sikio moja tu. Nililifahamu kwa kweli nikiwa na miaka 22, kwa bei ambayo nitaisema mbele kidogo.

Nimeombwa niandike juu ya desturi moja ya kwetu Muheto. Wengine wataandika juu ya ndoa, wengine juu ya mazishi na ngoma. Mimi nimechagua njia ya miguu inayozunguka mlima wetu, pamoja na sheria za watu wanaopita humo. Labda utacheka: je, njia nayo ni desturi? Nisome mpaka mwisho, kiisha utaniambia.

Uta na kamba yake

Katika Kinyarwanda, lugha inayosemwa na watu wengi pande zetu, umuheto ni uta wa kupigia mishale. Kila nikiusikia muheto naona mlima wetu. Pana njia mbili za kutoka kijijini na kufika ng'ambo, penye soko na kituo cha afya. Ya kwanza inapanda moja kwa moja mpaka mgongoni mwa mlima na kushuka upande wa pili: hiyo ni kamba ya uta. Ya pili haipandi sana, inashika ubavu wa mlima kwa urefu ule ule, inaingia kila bonde na kutoka, inapita chini ya mikaratusi, inavuka vijito vitatu: hiyo ni mti wa uta wenyewe. Kwa kamba, kijana anatumia saa mbili. Kwa mti wa uta, saa nne. Na kama hutaki kuishia ng'ambo, njia ile inaendelea kwa upande wa pili wa mlima mpaka inakurudisha pale pale ulipotokea. Mzunguko mzima ni kazi ya siku moja: unaondoka watu wanapokamua ng'ombe, unarudi mbuzi wanaporudi.

Babu alinitembeza mzunguko huo mara ya kwanza nilipomaliza mwaka wa tatu wa masomo. Hakunichukua kwa matembezi ya kujifurahisha. Alitaka nijue mashamba ya ukoo yanaishia wapi, nani ni jirani wa nani, maji ya kunywa yako wapi wakati wa kiangazi, na jiwe gani watu wanapumzikia. Kila mahali alisimama, akanisalimisha kwa watu: "Huyu ni mutoto wa mutoto wangu. Mukimuona siku ingine, mujue ni wa kwenu." Leo tungesema alikuwa ananiandikisha. Nilipata kitambulisho cha mlima kabla ya kupata kile cha serikali.

Njia ndogo ni mtoto wa njia kubwa

Usifikiri mzunguko ule ulikuwa wa wanakijiji peke yao. Juu yake palitokea matawi. Moja lilishuka kwenda Kitchanga, na kutoka hapo watu walishika njia ya Kilolirwe mpaka Sake na Goma. Lingine lilielekea maziwa ya Mokoto, mahali watawa Watrapisti walipojenga monasteri yao mwaka 1954. Lingine lilishika upande wa Mweso, kiisha Kalembe, mpaka Pinga, pale ambapo Masisi na Walikale zinapeana mkono. Ukipita Pinga umeingia katika msitu mkubwa wa Wanyanga, na miguu ikikubali unaweza kufika Walikale na kuendelea.

Wazee wa zamani walitembea hivyo. Kabla ya franga, pande hizi palikuwa na butea, vikuku vilivyosukwa kwa nyuzi za mimea, ambavyo vilitumika kama mali katika biashara na katika mahari. Katika karne ya 19 vikuku vya namna hiyo vilitoka milima ya magharibi ya ziwa Kivu, mikononi mwa Watembo na majirani zao, vikavuka ziwa mpaka Rwanda, na huko vikabadilishwa kwa vyakula na mifugo. Chumvi ya Katwe, katika Uganda ya leo, nayo ilisafiri mbali kwa vichwa vya watu. Hapakuwa na lori wala barabara. Palikuwa na njia za miguu zilizoshikana moja kwa moja, mlima hata mlima, na kila mlima ulijua kipande chake.

Wanyanga nao wamemweka mtembezi juu ya mashujaa wote. Mwaka 1956 mzee Rureke alimwimbia na kumsimulia Daniel Biebuyck hadithi ya Mwindo kwa siku nyingi mfululizo, na mwaka 1969 Biebuyck pamoja na mwanachuoni wa Kinyanga, Kahombo Mateene, waliitoa katika kitabu. Jina la sifa la Mwindo ni Kabutwa-kenda, maana yake yule mdogo aliyezaliwa na papo hapo akatembea. Angalia basi: hawakumsifu kwanza kwa nguvu wala kwa mali. Walisema alitembea.

Hata wageni waliokuja kutuandika walikuja kwa miguu. Mjerumani Gustav Adolf von Götzen aliondoka Pangani, pwani ya Tanzania ya leo, mwisho wa 1893. Katikati ya 1894 alipanda Nyiragongo, akashika njia ya magharibi kupitia misitu yetu, akafika Matadi kabla ya mwaka kwisha. Vitabu vinasema yeye alivuka Afrika. Wapagazi wake, mamia ya watu, walivuka vilevile, tena na mzigo kichwani. Lugha hii ninayoandikia, na neno lenyewe safari, vilifika milimani kwetu kwa miguu ya watu wa namna hiyo.

Tena si mambo ya zamani tu. Huko Bisie, katika Walikale, kasiterite ilipoanza kuchimbwa mnamo 2002, ilitolewa msituni kwa migongo ya watu. Vijana walibeba mifuko ya kilo 50 siku mbili ndani ya matope mpaka Njingala, kiisha mzigo ukapelekwa Kilambo, ambapo ndege zilitua juu ya barabara ya lami. Bati lililotumika katika simu za dunia lilianza safari yake juu ya bega la mtu, katika njia ya upana wa mguu mmoja.

Sheria za njia

Njia yetu ilikuwa na sheria, na hakuna aliyeziandika. Hizi ndizo ninazozikumbuka.

Mwenye mzigo haondoki njiani. Asiye na mzigo ndiye anapanda ukingoni na kumpisha, naye anasimama upande wa juu ya mlima, si upande wa shimo, ili asiwe na mawazo ya kumsukuma wala kusukumwa.

Wa mbele akifika penye njia panda anaweka tawi bichi juu ya njia asiyoifuata. Wa nyuma akiliona anajua: si hapa.

Fimbo uliyoitumia kuvuka kijito unaiacha ng'ambo ikiwa imesimama. Si yako, ni ya anayekuja.

Ukimkuta mtu ameketi, humpiti bila kusema "pole na njia". Kama hakujibu, unarudi kumwangalia.

Na sheria kubwa kuliko zote ni ile ya kipoyi.

Kipoyi ni machela ya kumbebea mgonjwa: miti miwili mirefu, katikati mkeka wa mianzi uliofungwa kwa kamba. Wanaosema Kinyarwanda wanaiita ingobyi. Kila upande wa mlima ulikuwa na kipoyi chake, na shirika lake, na orodha ya nyumba zote. Mgonjwa akipatikana, usiku ao mchana, mmoja anapiga kelele, na kila nyumba inatoa mwanaume. Wanne wanabeba, wengine wanafuata nyuma na kupokezana bega. Asiyekuja bila sababu analipa faini, mara nyingi maharagi ao kasiksi. Anayerudia kukosa, siku yake ikifika ataona mwenyewe. Hatukuulizana kabila. Mhunde, Mhutu, Mtutsi, Mnyanga aliyeoa kwetu, kila mmoja alikuwa na zamu, kwa sababu kila mmoja alikuwa na mama.

Na kipoyi hakipiti kwenye kamba ya uta. Kinazunguka. Babu alisema: "Mwenye haraka apande, mwenye mugonjwa azunguke." Sababu zake si uchawi. Ukipanda mlima mkali, wabebaji wa nyuma wanainua mikono mpaka juu ya kichwa na wa mbele wanainama, ama sivyo mgonjwa anateleza. Ukishuka ni hatari mara mbili. Katika mzunguko, mgonjwa analala sawa.

Usiku wa Novemba

Ilikuwa Novemba 1988, mvua imeshika. Dada yangu mkubwa alikuwa na uchungu wa uzazi tangu asubuhi, na jioni mama mmoja aliyezoea kuzalisha akasema kazi hiyo imemshinda, apelekwe. Tulipiga kelele, watu wakaja. Tulikuwa kumi na wawili. Babu alikuwa amekwisha kufariki, baba yuko Goma, hivyo mwenye dada nilikuwa mimi. Desturi inasema mwenye mgonjwa ndiye anayetoa neno.

Katika mzunguko palikuwa na shida moja. Baada ya Zairianisation ya 1973 mashamba mengi ya wazungu yalipita mikononi mwa watu wachache, na milima mingi ya Masisi ilizidi kuwa malisho yenye seng'enge. Mwenye feremu mmoja alikuwa amekata njia yetu kwa seng'enge na kuweka lango. Mchana lilikuwa wazi, usiku linafungwa, na mchungaji analala mbali kidogo. Ukimwita anakuja kufungua, lakini inachukua wakati.

Nikasema: "Tunapita juu."

Mzee mmoja wa orodha, jirani yetu, akanishika mkono. "Kijana, muzunguke. Njia ya juu iko na utelezi."

"Baba, tuko na haraka."

"Haraka ni ya nani? Ya mugonjwa ao yako?"

Sikumjibu. Niliona aibu kwenda kumbembeleza mchungaji wa mtu mwingine afungue lango katika njia ya babu yangu. Hilo ndilo lilikuwa moyoni mwangu, leo nalisema bila kujificha. Nilikuwa na hasira ya seng'enge, nikaipandisha mlimani pamoja na dada yangu.

Tulifika mgongoni vizuri. Katika kushuka, mbebaji wa mbele aliteleza. Kipoyi kilianguka upande mmoja, dada akatoka juu ya mkeka, akaangukia ubavu katika matope. Hakulia. Alisema tu: "Munirudishe polepole." Tuliendelea, tukafika. Dada alipona. Mtoto, alikuwa mwanaume, hakuzaliwa hai.

Muuguzi aliniambia kwamba mtoto alikuwa amechoka tangu mapema, kwamba hata kama tungezunguka ingeweza kuwa vile vile. Niliyashika maneno yake kama mtu anavyoshika mti katika mto. Lakini hakuna anayeweza kuniambia kwa hakika, na mimi pia siwezi. Dada hakunilaumu hata siku moja. Yule mzee naye hakurudia neno lake. Wiki ileile alinikuta njiani, akanipisha kama nilikuwa na mzigo.

Lango

Mwaka uliofuata wazee watano walikwenda kwa mwenye feremu. Hawakwenda na mapanga wala na barua ya avoka. Walikwenda na kipoyi chenyewe, wakakiweka mbele ya nyumba yake, wakamwomba apime kama kinapita katika lango lake. Hakikupita, lango lilikuwa jembamba. Walimwambia: "Wewe pia ni mutu wa mulima huu. Siku yako ikifika, tutakupitisha wapi?" Alifikiri. Lango lilipanuliwa, na ufunguo mmoja ukaachwa kwa mzee wa orodha. Jina lake likaongezwa kwenye orodha ya kipoyi, na faini zake alikuwa akilipa kwa jibini.

Tangu siku hiyo, kila mwaka mwezi wa Novemba, nilizunguka mlima peke yangu. Sikusema sababu, nao hawakuniuliza.

Njia zinapokuwa mipaka

Machi 1993 watu waliuawa katika soko la Ntoto, Walikale, na moto wa vita ukafika Masisi. Sitaki kuhesabu nani alimwanza nani. Wengine wamekwisha kuandika, na kila mmoja ameandika kwa machozi ya kwake. Nitasema nilichokiona katika mzunguko: watu wa upande mmoja wa mlima waliogopa kupita upande mwingine. Orodha ya kipoyi ilichanwa. Katika miezi ile mgonjwa alibebwa na ndugu zake peke yao, na asiye na ndugu alifia nyumbani. Palipokuwa na jiwe la kupumzikia palikuwa na kizuizi. Kuvunjika kwa nchi nilikuona hapo kabla ya kukusikia katika redio.

Iliponyamaza kidogo, waliorudisha kipoyi walikuwa wanawake. Walisema: sisi ndio tunaozaa, sisi ndio tunaobebwa. Waliandika orodha mpya katika daftari la masomo, nyumba kwa nyumba, bila kuruka hata moja.

Januari 2023 vita vya M23 vilifika Kitchanga. Kwetu watu walianza kuondoka. Pikipiki zilipandisha bei, kiisha zikakosekana kabisa. Mama alikuwa na miaka zaidi ya 80. Vijana wa shirika walileta kipoyi, akakataa: "Hicho ni cha wagonjwa. Mimi ni muzee tu." Akashika fimbo. Njia ya juu ilikuwa fupi, na milio ilisikika. Kila mtu aliniangalia mimi, kama usiku ule.

Nikasema: "Tunazunguka."

Tulitembea mzunguko kwa hatua za mama. Dada alikuwa mbele na godoro kichwani. Penye njia panda tulikuta matawi mabichi yamewekwa: waliotangulia hawakujua ni nani anakuja nyuma, lakini walikuwa wametuonyesha. Lango la feremu lilikuwa wazi, hapakuwa na mtu. Penye kijito cha tatu fimbo zilikuwa zimesimama ng'ambo, nyingi sana, kama shamba. Mama alizitazama, akasema: "Batu bote bamepita hapa." Kiisha akaiacha yake pia.

Tulifika Sake siku ya tatu, baadaye Goma. Mama alilala chini ya turubai na wengine wote, badeplase kama tunavyosema, na mwaka uliofuata alifariki. Hatukuweza kumzika mlimani.

Neno la mwisho

Nimesoma kwamba huko Ulaya pana njia ya miguu iitwayo GR5, inatoka Hoek van Holland kwenye bahari ya Kaskazini mpaka Nice, na watu wanachukua likizo yao kuitembea kwa mapenzi. Jirani zetu wa Rwanda wameweka alama katika njia ya Congo Nile Trail, kilometa 227 kandokando ya ziwa Kivu, na wageni wanakuja. Ni vizuri, na amani ikija kwa kweli sioni sababu Masisi isifanye vile. Milima yetu si midogo.

Lakini ninyi vijana mliozaliwa Goma, mnaojua Muheto kwa jina tu, siwaombi muanze na rangi za kupaka juu ya mawe. Nawaomba mambo mawili. La kwanza, kila mmoja amkalishe mzee wa kwao, aandike njia zote anazozikumbuka: inatoka wapi, inapita kwa nani, maji yako wapi, sheria zake ni zipi. Wazee wanakufa katika mji, mbali na milima, na kila mmoja anaondoka na ramani yake. La pili, muandike orodha ya kipoyi hata hapa mjini. Hapa pia pana wagonjwa, tena wengi hawana ndugu.

Siku tukirudi, nataka kuzunguka mlima na watoto wa dada yangu. Alipata wengine wanne, Mungu ni mwema. Nitasimama mahali pote babu aliposimama, niwasalimishe kwa waliobaki: hawa ni watoto wetu, mukiwaona siku ingine, mujue ni wa kwenu. Na penye kichwa cha ile njia ya juu nitakata tawi bichi na kuliweka.